Unafanya Kazi Wapi?

Mbuyu ako na swali moja, na amekuwa akinipiga nayo tangu nitoke chuo 2014. Aliniuliza nikiwa na cheti mpya mkononi. Akaniuliza nikiwa nimelala saa sita mchana juu nilikesha kwa kompyuta. Hata juzi, tukiwa tunamanga chapo madondo, aliweka kijiko chini akanicheki: "We kijana, sai unafanya kazi wapi?"

Skia hiyo swali poa. Mzae haulizi nafanya nini. Haulizi naingiza ganji ngapi. Anataka wapi. Kwa kichwa yake wera ni mahali. Iko na ukuta, iko na soja kwa geti, iko na saa ya kuingia na saa ya kutoka, na mtoto akilia nyumbani unaweza nyoosha kidole umwambie baba ako pale.

Nikifika base naulizwa tofauti. "Rada? Form ni gani leo?" Hapo wapi haiko. Kuna leo, na ya kesho itajulikana kesho.

Niko na miaka 34. Kwa katiba ya Kenya mimi bado ni yut, lakini imebaki miezi tu nitolewe kwa hiyo foleni. Kabla nitoke nataka kujibu mzae hiyo swali yake, juu nimegundua si ujinga.

Wera na majina zake

Mtaani hakuna kitu inaitwa kazi peke yake. Ukiskia msee ako "job", jua kuna payslip na mdosi. Akiwa "mjengo", anapandisha simiti na kokoto kwa gorofa ya mtu na analipwa jioni akiwa bado na vumbi kwa kope. "Kibarua" ni ya siku moja, usizoee. "Squad" ni pale konda wa mat amechoka anakuachia trip mbili tatu uokoe siku. "Kutarmac" ni kuzunguka na cheti ndani ya bahasha ya kaki mpaka soli ikatike. Na "kusaka" ni hizo zote zikichanganywa, pamoja na zile hauwezi elezea mathe.

Lugha yetu kujua wera hivyo si bahati. Sheng ililelewa kwa mitaa za wafanyakazi. Makongeni ilijengewa watu wa reli, Muthurwa pia. Kaloleni na Ziwani zilitoka kwa hiyo hesabu ya mkoloni: alitaka mikono iwe karibu na wera, na wenye mikono wakae mbali na yeye. Wasee wa kila kabila wakapangwa kwa vyumba vya kuhesabu, watoi wao wakaanza kuchanganya maneno hapo nje kwa mabomba ya maji. Kumaanisha hata vile tunabonga leo, ukikuna kidogo utapata siren ya kiwanda chini yake.

Guka naye hakuwa anaulizwa wapi. Ilikuwa imeandikwa. Kuanzia karibu 1920, kila mwanaume Mwafrika mwenye amefika miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina ya mzungu amekuandika, mshahara, siku ulianza na siku ulitoka. Wengi walikuwa wanaiweka kwa kamkebe ka chuma na kuivaa shingoni na kamba. Ukitoroka shamba ya mzungu kabla aweke sahihi, wewe ni mhalifu, na karani yeyote anaweza kukusoma kama gazeti. Guka aliibeba hivyo akiwa kijana, mpaka sheria ilipobadilishwa baada ya vita, 1947 hivi, kila mtu wa kila rangi akaanza kuandikishwa.

Ile ya chuma ilienda, jina ikabaki. Hadi wa leo ukifika miaka 18 tunasema umechukua kipande.

Geti ya Indaa

Mbuyu aliingia Indaa akiwa kijana, kiwanda ya nguo, fundi wa mashine. Kutoka Kayole alikuwa anashika mat hadi Donny, halafu anashuka na miguu kuelekea Lunga Lunga na ule umati wa asubuhi wenye hauongei. Alikuwa na kadi ya kupiga kwa saa ya ukutani, ovaroli ya buluu na kikombe yake mwenyewe yenye hakuna mtu angegusa. Jioni siren ikilia, wera imeisha. Akifika keja alikuwa ni baba tu. Hiyo kitu sikuwa naiona kuwa ya bei wakati huo.

Lakini geti haikuwa ya kila mtu. Likizo moja alinipeleka, nikaona. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuna wanaume kama mia wamesimama nje, mikono kwa mifuko, wengine wamevaa koti ya suti juu ya fulana. Foreman anatoka na chai yake. Anazungusha macho. "Wewe. Wewe. Na wewe wa kofia." Geti inafungwa. Wale wengine hawapigi kelele. Wanabaki hapo hadi saa tatu, in case mtu augue huko ndani.

Na kando ya hao wanaume, kwa kona yenye ukuta unakata upepo, alikuwa mathe. Beseni ya mandazi, thamosi mbili za chai, vikombe kumi na moja na ndoo ya kuosha. Alikuwa anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Mbuyu akitoka keja, mathe ashafika Indaa.

Mwaka huo huo odijo alitupea fomu tujaze. Kazi ya baba: nikaandika "fundi wa mashine", na mwandiko mzuri kabisa. Kazi ya mama: nikaandika "hana".

Sikuwa nadanganya. Kwetu ndio vile ilikuwa inasemwa. Baba ameenda kazi, mama ameenda kuuza mandazi. Walikuwa wanasimama geti moja, mita ishirini kati yao, lakini mmoja ndio alikuwa na kazi.

Nikiwa darasa la tatu, mwaka wa 2000, mashine zikanyamaza. Soko ilikuwa imefunguliwa tangu miaka ya tisini, mitush ikajaa Gikomba, na nani atanunua shati mpya kama kuna mtush safi ya Ulaya kwa bei ya soda? Viwanda za nguo zilikuwa zimeanza kufunga moja moja nchi nzima. Mbuyu akapigwa kalamu na wenzake wote siku moja. Alirudi na ile kikombe ndani ya gazeti. Kwa miezi kadhaa aliendelea kuamka saa kumi na moja, anaoga, anavaa, halafu anakaa kwa kiti.

Fees yangu ya chuo imelipwa na mandazi, mpaka mtihani wa mwisho. Kama fomu hiyo bado iko kwa ofisi ya mtu, naomba wanipe kalamu nirekebishe.

Sasa cheki. 1972, Shirika la Kazi Duniani lilileta wasomi Kenya kuangalia mambo ya ajira. Walikuta mafundi wa jua kali, akina mama wa soko na wasee wa mikokoteni wakichapa wera bila leseni na bila mtu kuwahesabu, na ripoti yao ndio ilifanya dunia nzima ianze kuongea juu ya "sekta isiyo rasmi". Mathe hajawahi soma hiyo ripoti. Lakini leo, kati ya kila Wakenya 10 wenye wako kwa wera, zaidi ya 8 wako huko mathe alikuwa. Huko nje ya geti, na beseni.

Ndio maana nikiskia watu wakisema kazi imebadilika juzi juzi na hizi simu, nacheka kidogo. Yule tulisema hana kazi ndio alitangulia. Sisi tumemfuata tu, na digrii kwa begi.

Nikiandikia wazungu

Mimi nilitarmac mwaka mmoja nikasanda. Beshte akanionyesha mchanuo: kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Kurasa moja ni maneno 275, mimi nalipwa soo tatu, mwenye akaunti anabaki na yake yenye sikuwahi ambiwa. Nimeandika juu ya uuguzi, juu ya Shakespeare, juu ya uchumi wa miji sijawahi ona. Kuna msee ako Marekani leo anavaa stethoskopu na kidogo ya jasho yangu iko kwa hiyo shingo. Usiniulize kama niliona vibaya. Niliona vibaya, na nilikuwa na rent. Uingereza ilikuja kupitisha sheria 2022 kufanya hiyo biashara kuwa kosa, na sikuwa na neno la kujitetea.

Kitu ilikuwa inanimaliza ni saa. Kazi ya kufika saa sita usiku New York inamaanisha saa moja asubuhi Kayole, na baridi yao ikifika inakuwa saa mbili. Nilikuwa naishi kwa saa ya watu wenye siwajui majina. Mbuyu akiamka kukaa kwa kiti yake, ananikuta bado nimeangaliana na mwangaza. Hapo ndio alikuwa anauliza wapi. Mara ya kwanza nilimjibu, "Ni mtandaoni, mzae." Akaangalia kompyuta, akaangalia waya ya stima, akafuata hiyo waya na macho hadi kwa ukuta.

Halafu ikafika tarehe 30 Novemba 2022. Hii tarehe iandike mahali. Asubuhi hiyo Nairobi rais alizindua Hustler Fund, mkopo wa serikali kwa simu, pale Green Park. Siku hiyo hiyo, huko Marekani, ChatGPT ikafunguliwa kwa umma. Hakuna mtu alipanga zikutane, lakini kwa maisha yangu zilikutana.

Nilipiga *254# kama wasee wote wa plot. Nikapewa jirongo. Hiyo ni 500, na hilo jina lina historia: kura ya 1992, Cyrus Jirongo na kikundi yake ya vijana wa KANU, noti za 500 zikatembea sana mpaka zikachukua jina yake. Kwa hivyo vijana, siasa na jirongo hawajaanza kujuana juzi. Kwa simu yangu iliingia 475, juu asilimia 5 inawekwa akiba. Na lile jina lenyewe, hustler, lilikuwa letu, la mtaa, kabla lipande wilbaro liende kuomba kura.

Kufika katikati ya 2023, order zilikuwa zimekauka, juu mashine ya ChatGPT sasa ndio ilikuwa inawaandikia wanafunzi. Mwenye akaunti akanitumia meseji moja: "Buda, kwa sasa tulia." Hakuna siren, hakuna kikombe ya kurudisha ndani ya gazeti. Nilipigwa kalamu na sikuwa nimewahi andikwa.

Kitu ya kuchekesha ni hii. Januari ya huo mwaka jarida la Time lilikuwa limeandika vile wasee wa hapa hapa Nairobi ndio walisoma uchafu wote, maneno ya mateso na unyama, ndio hiyo mashine ifunzwe kukaa na adabu. Walikuwa wanabeba chini ya dola 2 kwa saa. Sisi wengine tulidhani mashine imekuja kutoka mbali. Kumbe kuna jirani aliipitia akishika roho.

Nyota shingoni

Sai niko kwa nduthi. Niliichukua na lipa mdogo mdogo, niko kwa apu ya kubeba watu na vyakula, na mchana apu ikilala nabeba wa mtaa. Cheki siku ya kawaida. Nimeshika 1,650. Mafuta 450. Ya kulipia nduthi soo nne. Lunch soo, kwa kibandaski. Chama soo. Naenda keja na soo sita, na mgongo yenye inaongea.

Siezi danganya, kuna raha. Jumanne nilipeleka mathe kliniki na sikuomba ruhusa ya mtu. Hakuna foreman wa kuninyooshea kidole asubuhi. Wasee hupenda kusema, "Mdosi wangu ni mimi." Ni poa, lakini huyu mdosi hanipatianga ofu. Mvua ikinyesha ndio anataka nitoke, juu bei inapanda. Usiku wa manane simu inawaka, naiangalia kabla nijue niko kitanda gani.

Na kuna nyota. Kila mtu nimebeba ananipatia nyota. Ziko 4.7 leo. Sijui nani alinipunguzia, sijui kama ni ile jam ya Jogoo Road ama ni ule mteja alitaka nimuingize hadi kwa mlango na soja akakataa. Zikishuka, trip zinapungua. Siku moja nikiwa nasubiri mteja nilikumbuka ule mkebe wa guka. Yeye alikuwa anabeba shingoni maneno ya mzungu mmoja. Mimi nabeba kwa mfuko maneno ya watu elfu, na mimi pia karani yeyote anaweza nisoma. Tofauti ni kwamba guka alijua ni nani amemuandika.

Watu wameanza kuamka, lakini. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya wasee 150 wenye husafisha mitandao na kufunza mashine walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao cha wafanyakazi. Ukiwaza, wengi wao walikuwa wameketi kila mtu na skrini yake, wamekatazwa hata kubonga juu ya kile wanaona. Wakatoka, wakaonana sura.

Ukikosa kuja

Kuna kitu mathe aliniambia nikiwa mdogo na sikuishika. Alikuwa ameangushwa na malaria, siku mbili hakuenda Indaa. Siku ya tatu jioni, wanaume wawili wakabisha keja yetu Kayole. Walikuwa wale wa foleni ya nje, wale huwa hawachaguliwi. Walikuwa wameulizia njia kuanzia steji. Mmoja alikuwa na kipande ya sabuni na paketi ya maziwa. "Tuliona hauko," wakasema. Wakakaa kidogo, wakaenda. Mathe akaniambia: "Umeona? Sasa najua niko na kazi."

Base yetu tuko wasee 22, hapo kwa junction, chini ya mti wenye umebaki nusu baada ya watu wa stima kuukata. Kuingia ni na kiingilio, huwezi tu kuja na nduthi yako usimame. Kuna zamu: wa kwanza kufika ndio wa kwanza kubeba, na ukiruka foleni unalipa faini ya soda ya watu wote. Kila jioni, soo kwa kila mtu. Finje inaenda kwa msee wa zamu, kwa hivyo siku yako ikifika unaenda na 1,100 bila kupiga honi. Finje ile ingine inaingia kwa kibubu ya shida. Chairman anaandika kwa daftari ya kurasa 96, na mwandiko yake ni mbaya sana, lakini hakuna shilingi imewahi potea.

Mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi yenye inaingia kwa mfupa, homa ilinilaza siku tatu. Siku ya pili, simu ikalia. Ni apu. Imenitumia meseji na moyo nyekundu: wamenikosa, nirudi leo nifanye trip kumi nipate bonasi. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikalala.

Siku ya tatu, saa moja usiku, mlango ukagongwa. Mbuyu ndio alifungua. Nikiwa kitanda niliskia sauti yake ile ya kuuliza watu wa kanjo.

"Nyinyi ni akina nani?"

"Habari ya jioni, mzee. Sisi ni wa kazini kwake."

Walikuwa watatu, makoti ya mvua bado yanadondosha maji, helmeti kwa mikono kama watu wameingia kanisa. Chairman alikuwa na mfuko: unga pakiti mbili, maziwa, machungwa, na bahasha kutoka kwa kibubu. Mbuyu hakusonga kwa mlango. Nikajua kile kinakuja.

"Kazini wapi?"

Chairman hakufikiria hata kidogo. Aligeuka, akanyoosha kidole juu ya reli ya veranda. "Hapo tu, mzee. Kwa junction. Ukisimama hapa unaona."

Mzae akatoka nje. Akasimama kwa hiyo baridi na fulana peke yake, mikono kwa reli. Kutoka kwa kitanda nilikuwa naona mgongo yake tu, lakini najua kile alikuwa anacheki: taa ya duka, ule mti nusu, na zile reflekta za kijani zinawaka na kuzima kila gari ikipita. Alikaa hapo muda. Kisha akarudi, akafunga mlango, akaita upande wa jikoni.

"Mama, hawa ni watu wa kazi. Wawekee chai."